Kompyuta ya michezo: Tazama kasha kabla ya kadi

Viatu ndivyo vilivyomchongea mwanangu. Ilikuwa mwezi Juni, 2025, naye kifungua mimba wangu yuko Gredi ya Sita. Nilikuwa nikivipiga rangi Jumapili jioni nikaona soli imelika upande mmoja hadi soksi inachungulia, na viatu vyenyewe havijatimiza hata muhula mmoja. Nilipombana, maneno yalimtoka moja moja. Kwa wiki tatu mfululizo alikuwa akirudi kutoka shuleni kwa miguu kando ya Barabara ya Jogoo, magari yakimpita, giza likiingia. Nauli niliyompa kila asubuhi ilikuwa ikiishia katika kibanda cha PlayStation nyuma ya soko la mtaa wetu.

Mzazi mwenzangu, kama una mvulana wa umri huo huhitaji kuelezwa kibanda hicho. Ni chumba cha mabati, televisheni mbili, benchi moja, na joto la kuoka mkate. Nilikwenda kukitazama mwenyewe siku ya Jumatano. Niliwakuta watoto tisa wenye sare za shule mbalimbali, na kando yao vijana wazima waliokuwa wakiwekeana dau la pesa juu ya mchezo ule ule wa kandanda. Mwenye kibanda alinisalimia kwa adabu. Sikumkemea. Yeye anatafuta riziki, na si yeye aliyempa mwanangu nauli.

Baba watoto alitaka kiboko. Mimi sikujua nilichotaka, ila nilijua kwamba kiboko kingemfanya mtoto aivunje safari ya kibanda kwa wiki mbili tu, kisha atafute kibanda kingine cha mbali zaidi. Hamu ile haikuwa ya kibanda. Ilikuwa ya mchezo.

Yalipofika mapema mwezi Agosti, shule zikiwa zinafungwa, ilitua zamu yangu ya kupokea pesa za chama: Sh50,000. Pesa hizo zilikuwa tayari na mwenyewe. Kwetu maji huja siku mbili kwa wiki, na tulikuwa tumekubaliana kununua tangi la lita 1,000. Usiku huo nilipomwambia baba watoto kwamba nafikiria kompyuta ya nyumbani, itakayocheza michezo na kufanya kazi za shule pia, alinitazama kama mtu aliyeambiwa tuuze jiko tununue maua. Tulibishana hadi watoto wakalala. Mwishowe tuliafikiana hivi: tangi lingengoja zamu yake yeye katika chama cha kazini, mwezi Novemba, kompyuta ingekaa sebuleni na si chumbani, na nisingepita zile Sh50,000 hata kwa shilingi moja. Sharti la tatu nililivunja, na nitaeleza nilivyolivunja ili wewe usije ukalivunja.

Kosa linalofanywa na wengi, nami nusura nilifanye, ni kuanza na kadi ya grafiki. Hiki ni kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za mchezo, na ndicho watoto wanachokitaja kwa majina na nambari kana kwamba ni mchezaji wa Gor Mahia. Mwanangu alikuwa ameshanitajia kadi tatu kabla hata sijajua zinachomekwa wapi. Lakini kadi ni kama injini ya lori: ukiitia ndani ya gari dogo, gari halitaondoka. Kwa mtu mwenye mfuko kama wangu, swali la kwanza ni kasha, na kisanduku cha stima kilichomo ndani yake.

Nieleze. Kujenga kompyuta kwa vipande vipya ndiyo njia nzuri, nami sibishi. Kuna prosesa iitwayo Ryzen 5 5600G, iliyoanza kuuzwa madukani Agosti 2021, ambayo ina uwezo wa picha ndani yake yenyewe, kwa hivyo unaweza kuanza bila kadi yoyote na kuiongeza baadaye ukijaliwa. Niliipenda. Lakini nilipojumlisha ubao mkuu, RAM, diski, kasha na pawa saplai, bei nilizopewa zilikuwa zimeshapita Sh50,000 kabla sijafika kwenye skrini na kibodi. Iliyobaki ni njia ya mtumba: kompyuta za ofisini kutoka ng'ambo, zile wauzaji wa jijini wanazoziita eksi-UK. Kampuni za huko huzibadilisha baada ya miaka michache, nazo huishia kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli na Moi Avenue zikiwa zimepangusika vizuri.

Hapo ndipo tulipotumia Jumamosi tatu, mimi na mwanangu, yeye akiwa na daftari la hesabu mkononi. Nilimwachia kazi ya kuandika: duka, jina la mashine, prosesa, RAM, diski, bei. Luthuli ya siku hizi ni afadhali kuipitia, kwa kuwa njia za waenda kwa miguu zilipanuliwa mwaka wa 2019, ila bado utavutwa mkono na mawakala kumi kabla hujafika mwisho wake. Kila mmoja alimwita mwanangu "bosi" na mimi "mama", na kila mmoja alikuwa na "Core i5 safi kabisa".

Neno hilo Core i5 halina maana likisimama peke yake. Kuna i5 ya mwaka wa 2011 na kuna i5 ya miaka mingi baadaye, na zote zina kibandiko kinachofanana kwa mbali. Siri iko katika nambari inayofuata. Ikiwa ni 2400, hicho ni kizazi cha 2, na ni mzee. Ikiwa ni 7500, ni kizazi cha 7. Ikiwa ni 8500, ni kizazi cha 8, na hapo ndipo nilipopiga mstari. Sababu yenyewe ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 kwa kawaida huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya kizazi cha 7 na ya 8 zilitofautiana kwa Sh4,000 hivi katika daftari letu. Sh4,000 si pesa kidogo, lakini anayeziokoa hapo hujinunulia mashine ambayo mwenye programu ameshaitupa mkono.

Sasa turudi kwenye kasha. Mashine hizi za ofisini huja kwa maumbo matatu. Kuna lile dogo kama kamusi, ambalo hujificha nyuma ya skrini. Linapendeza, halili nafasi, na kwa kawaida halina mahali pa kutia kadi kabisa. Wazazi wengi hununua hilo kwa sababu ya urembo wake, kisha fundi huwavunja moyo. Kuna la kati, jembamba, ambalo hupokea kadi ya kimo kifupi tu, na kadi hizo ni adimu na huuzwa ghali kwa sababu hiyo hiyo. Halafu kuna kasha refu la kusimama, ambalo wauzaji wenyewe hulipunguzia bei kidogo kwa sababu wenye ofisi hawalitaki. Hilo ndilo letu.

Na ukishalipata, mwombe muuzaji afungue ubavu wake. Akikataa, nenda duka linalofuata. Nyuma, ndani, kuna pawa saplai yenye kibandiko cha wati. Ya kwetu, katika Dell OptiPlex 7060, imeandikwa wati 260. Hizo si nyingi. Tena katika mashine nyingi za aina hii, pawa saplai haina ule waya wa ziada unaokwenda kwenye kadi kubwa, na umbo lake pamoja na plagi zake si za kawaida, kwa hivyo huwezi kuitoa ukatia nyingine ya dukani. Maana yake ni kwamba kadi utakayoweka lazima iishi kwa stima inayopita kwenye tundu lake la ubao mkuu pekee, ambayo ni wati 75 na si zaidi. Sharti hili moja hufuta kadi nyingi zilizomo kichwani mwa mtoto wako. Mwanangu alilia machozi ya kweli pale dukani. Kisha akafuta mistari katika daftari.

Mashine tuliilipia Sh23,500: i5-8500 yenye viini sita, RAM ya GB 8, na diski ya SSD ya GB 256. Kabla ya kulipa tuliiwasha palepale, tukabonyeza F2 kuhakikisha haina nywila ya kampuni iliyoitupa. Mashine iliyofungwa hivyo hukusumbua siku ya kwanza unapotaka kubadilisha mpangilio wowote. Tuliongeza kipande cha pili cha RAM cha GB 8 kwa Sh3,000. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja, na katika michezo tofauti huonekana. Nafurahi tulikinunua Agosti. Miezi ya mwisho ya 2025 bei za RAM zilipaa duniani kote, viwanda vilipogeukia kuhudumia vituo vikubwa vya akili unde, kwa hivyo anayenunua baada ya hapo na aulize bei ya RAM kabla ya kitu kingine chochote. Skrini ya mtumba ya inchi 22 ilikuwa Sh5,500, kibodi na kipanya Sh1,200, pedi ya kuchezea Sh1,500, na kifaa cha kuzuia stima ya ghafla, ndugu yake yule anayelinda friji, Sh1,300. Stima ya mtaani kwetu ikipotea hurudi kwa hasira.

Halafu kadi. Hapa ndipo nilipogongwa.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimechoka, kitinda mimba wangu ananivuta sketi anataka chipsi, na muuzaji mmoja kwenye ghorofa ya pili ya jumba ambalo silitaji akanionyesha GTX 1050 Ti yenye GB 4 kwa Sh8,000. Nambari niliijua, iko katika daftari. Ni kadi iliyotoka Oktoba 2016, hula wati 75, na wengine walikuwa wameniambia bei ya juu zaidi. Nikajiona mjanja. Mwanangu alininong'onezea, "Mama, hii ina tundu la VGA." Nikamwambia anyamaze watu wazima wanaongea.

Laiti ningemsikiliza! Nyumbani tuliichomeka, mashine ikaitambua kwa jina kamili, GTX 1050 Ti, lakini mchezo wa kandanda ukaenda kama mkokoteni kwenye tope. Mwanangu akapakua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu 2018 imepewa uwezo wa kuwagundua walaghai wa aina hii. Jina likatokea, na kando yake neno la kusema kwamba ni bandia. Ndani ya ganda lile mlikuwa na kadi kuukuu ya kizazi cha mwaka wa 2010 iliyobadilishwa programu yake ili ijitambulishe kwa jina la kizazi kipya. Na lile tundu la buluu la VGA ndilo lililoisuta tangu dukani, kwa kuwa kizazi cha 1050 Ti kiliachana na VGA. Mtoto alikuwa sahihi, nami nilimnyamazisha mbele ya mwizi.

Nilirudi Jumatatu. Nisimulie kwa ufupi, kwa sababu bado huniuma: nilizungushwa saa mbili, nikaambiwa kadi niliiharibu mimi, nikakosa risiti ya kuonyesha kwa kuwa sikuiomba. Nilipokaa kwenye kiti cha wateja nikatoa kalamu na daftari la kazi, sauti zilipungua. Nilirudishiwa Sh5,000. Zile Sh3,000 zilikwenda na maji, na ndizo zilizonipitisha bajeti.

Siku hiyo hiyo tulinunua GTX 1650 ya mtumba katika duka jingine kwa Sh13,500, kwa risiti, na muhula wa siku saba wa kuijaribu ulioandikwa juu ya risiti hiyo. Kadi hii ilitoka Aprili 2019, nayo ina GB 4. Lakini angalia: zipo za aina mbili. Nyingine zina tundu la waya wa ziada wa stima juu yake, na hizo hazifai katika mashine kama yetu. Mwanangu aliigeuza pande zote kama mama anayechagua kabeji. Safari hii sikumwambia anyamaze. Kuna faida nyingine iliyonifariji kidogo: watengenezaji, NVIDIA, waliacha kuitolea familia ya 1050 Ti draiva za michezo mipya mwezi Oktoba 2025, wakabakisha za usalama pekee, ilhali familia ya 1650 haikuguswa na uamuzi huo. Kwa hivyo hata kama ile ya kwanza ingekuwa halali, ningekuwa nimenunua kitu kinachoaga.

Jumla ikawa Sh52,500. Sh2,500 nje ya ahadi.

Kuifunga si kazi ya ajabu, nami nawasihi akina mama msiiache kwa fundi. Chomoa waya wa stima. Gusa chuma cha kasha ili mwili utoe ile stima kavu inayokaa kwenye nguo za sufu. Pangusa vumbi, letu lilikuwa vumbi la Uingereza, binti yangu akataka kulihifadhi kwenye chupa. Toa kifuniko cha nyuma, sukuma kadi hadi usikie imelia tik, kaza skrubu. RAM nayo huingia kwa njia moja tu, ina pengo lisilokubali kugeuzwa. Mwanangu alifanya yote kwa mikono yake, mimi nikishika tochi ya simu.

Tukaiwasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Tulitoa kadi tukairudisha. Tukatoa RAM tukairudisha. Kijana jasho linamtiririka, nami nimeshaanza kupiga hesabu ya Sh13,500 nyingine. Baba watoto, ambaye alikuwa amekaa kwenye kochi na gazeti jioni nzima kama mgeni asiyehusika, aliinuka, akachungulia nyuma ya mashine, akauliza, "Kwani huu waya wa skrini si ungetoka kwenye hiyo kadi mpya?" Tulikuwa tumeuchomeka kwenye tundu la zamani la ubao mkuu. Akauhamisha. Picha ikaja. Hakusema lolote zaidi, akarudi kwenye gazeti lake, lakini nililiona likitetemeka kwa kicheko.

Michezo yenyewe si lazima iwe ya kununua. Rocket League, ile ya magari yanayocheza kandanda, ni ya bure tangu Septemba 2020. eFootball, iliyokuwa ikiitwa PES, iligeuzwa jina na kuwa ya bure mwaka wa 2021. Duka la mtandaoni la Epic hutoa michezo ya bure mara kwa mara tangu Desemba 2018, na anayevumilia hujaza kabati. Kwa binti yangu wa miaka minane tuliweka SuperTuxKart, mashindano ya magari ya katuni ambayo ni ya bure, mepesi, na huchezwa na wawili kwenye skrini moja. Tahadhari ni ukubwa. Mchezo kama EA Sports FC 24 hutaka GB 100 hivi, na diski yetu nzima ni GB 256. Kwa hivyo ni mmoja unaoingia na mwingine unaotoka, nao wamejifunza kuchagua. Ukitegemea bando la simu kuupakua mchezo wa namna hiyo utalia. Sisi tuliunakili kwa binamu yao mwenye mtandao wa waya, kisha mwanangu akaingia kwa akaunti yetu wenyewe tuliyoulipia.

Kuhusu stima, baba watoto aliuliza siku ya kwanza, nasi tukakaa tukapiga hesabu. Tuseme mashine na skrini vinakula wati 150 mchezo ukiendelea. Saa mbili kwa siku ni uniti 0.3. Mwezi mzima ni uniti 9. Tuliziandika juu ya karatasi tukaibandika kando ya mita, na saa mbili hizo hugawanywa na watoto wenyewe. Wanagombana, ndiyo. Lakini wanagombana mbele yangu.

Kibanda bado kipo. Mwanangu hukipitia wikendi fulani na wenzake, kwa pesa zake za mfukoni, nami sijamkataza. Kucheza na rafiki bega kwa bega hakuna mashine itakayokuletea sebuleni. Nauli yake ya wiki tatu alinilipa kwa kuosha vyombo hadi mwisho wa Septemba. Tangi lilikuja Novemba kama tulivyokubaliana.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni baba watoto. Mwezi Desemba binamu alitia katika mashine yetu mchezo wa zamani kidogo, Euro Truck Simulator 2 wa mwaka wa 2012, ambao mtu huendesha lori la mizigo barabara za Ulaya kwa subira, akifuata taa na kulipa ada za barabara. Watoto waliuona unachosha. Yeye husubiri walale. Juzi stima ilikatika saa nne usiku, tokeni zimekwisha, naye alikuwa amebakisha kilomita 40 afike Calais. Nilimsikia gizani amenyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina chochote kwenye M-Pesa.